Duka la dawa la intaneti lahitaji uangalizi, si nyongeza tele

KATIKA miji yetu siku hizi, ni jambo la kawaida mtu kuagiza dawa akiwa nyumbani au kazini, akalipa kwa M-Pesa na kuletewa na mhudumu wa bodaboda. Kwa mgonjwa wa kisukari, kwa mzee asiyeweza kupanda matatu au kwa mama aliye na mtoto mchanga, huduma hii ni nafuu kubwa.

Hata hivyo, wengi wetu hatujui ni kitu gani kinachoendesha duka kama hilo, wala ni kwa nini duka lililokuwa likihudumia watu vizuri mwaka jana linaweza kumpa mgonjwa dawa isiyo yake mwaka huu. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa faida ya mwenye duka na ya mnunuzi pia.

Duka hujengwaje?

Maduka mengi madogo ya intaneti yamejengwa juu ya programu iitwayo WordPress, ambayo ilianza mwaka wa 2003. Programu hiyo haikukusudiwa biashara. Ilikuwa ya kuandikia na kuchapisha habari. Ili iweze kuuza bidhaa, huongezewa programu nyingine, na iliyo maarufu zaidi ni WooCommerce, iliyotolewa mwaka wa 2011.

Hata baada ya hapo, duka huwa halijakamilika. Mwenye duka huongeza programu ndogo ndogo, ambazo hapa tutaziita nyongeza. Moja hupokea malipo, nyingine huhesabu bidhaa zilizobaki, nyingine hutuma ujumbe kwa mnunuzi, na nyingine huharakisha kurasa. Kila moja huwa imeandikwa na mtu tofauti, mara nyingi katika nchi tofauti, ambaye hajui mwenye duka ana nyongeza gani nyingine.

Sisi madaktari tunalijua tatizo hili. Mgonjwa anayemeza dawa 2 zilizochaguliwa vizuri hupata nafuu. Anayemeza dawa 12 alizopewa na madaktari 4 wasiowasiliana yumo hatarini, kwa sababu dawa huweza kugongana mwilini. Nyongeza nazo hugongana.

Mwaka uliopita nilimwona mama mmoja wa miaka 60 hivi, anayetumia amlodipine ya miligramu 5 kwa shinikizo la damu. Miguu yake ilikuwa imevimba na alikuwa akisikia kizunguzungu. Nilipomwomba anionyeshe pakiti, niliona imeandikwa miligramu 10. Alikuwa ameagiza kwa intaneti kama alivyozoea.

Mwenye duka alipochunguza, aligundua kwamba nyongeza inayoonyesha orodha ya nguvu za dawa ilikuwa imeacha kufanya kazi baada ya programu kuu kuwekewa toleo jipya. Mnunuzi hakupewa nafasi ya kuchagua. Duka lilimchagulia miligramu 10. Hakuna aliyelijaribu duka baada ya mabadiliko hayo, na aliyefunga dawa hakuilinganisha na karatasi ya daktari. Mama huyo alirudishiwa kipimo chake, na uvimbe ukapungua baada ya majuma machache. Wengine huanguka bafuni na kuvunjika nyonga.

Nyongeza zinazofaa

Kwa duka la dawa, ya kwanza ni ile inayopokea karatasi ya daktari. Mnunuzi huipiga picha na kuituma. Nyongeza nzuri huizuia oda isiendelee hadi mfamasia aisome na kuikubali. Ile inayopokea picha lakini ikaruhusu dawa kufungwa kabla haijasomwa haina faida yoyote.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wengi hawalijui. Katika WordPress, picha zinazopakiwa kwa kawaida huwekwa mahali panapoweza kufunguliwa na mtu yeyote aliye na anwani ya picha hiyo. Karatasi ya daktari ina jina lako na ugonjwa wako. Mwenye duka ni lazima ahakikishe kwamba nyongeza yake inaziweka karatasi hizo mahali palipofungwa, panapofikiwa na mfamasia peke yake.

Ya pili ni ya kuhesabu bidhaa kwa nambari ya toleo la kiwandani na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hesabu ya kawaida husema tu kwamba zimebaki pakiti 40. Nyongeza hii husema kwamba 15 kati yake zitaharibika mwezi ujao, na kwamba hizo ndizo zitolewe kwanza. Tena, Bodi ya Famasia na Sumu inapotangaza kwamba toleo fulani la dawa lirudishwe, mwenye duka huweza kujua mara moja ni wateja gani waliouziwa toleo hilo, akawapigia simu.

Ya tatu ni ya malipo. Nyongeza ya M-Pesa iliyo sawa hutuma ombi kwenye simu ya mnunuzi, naye huandika nambari yake ya siri kwenye simu hiyo. Nambari ya siri haiandikwi kamwe kwenye tovuti. Baada ya malipo, duka hupokea taarifa kwamba pesa zimefika. Taarifa hiyo ikikwama, oda huonekana haijalipwa, na mnunuzi huambiwa alipe tena. Kwa hiyo ni vizuri mwenye duka alinganishe kila siku taarifa ya M-Pesa na orodha ya oda.

Ya nne ni ya usafirishaji. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Haifai kuachwa kwenye sanduku la pikipiki juani tangu asubuhi hadi jioni. Nyongeza ya usafirishaji huweza kupangwa ili bidhaa za baridi zipelekwe maeneo ya karibu tu, siku iyo hiyo, ndani ya chombo chenye barafu, na zikataliwe kwa anwani za mbali.

Ya tano ni ya kuweka nakala ya akiba ya duka zima. Nakala hiyo isihifadhiwe kwenye kompyuta ile ile inayoendesha duka, kwani ikiharibika vyote vitapotea pamoja.

Nyongeza za kuhofiwa

Zipo nyongeza zinazofaa duka la viatu lakini zenye madhara katika duka la dawa. Mfano ni ile inayomwambia mnunuzi kwamba walionunua hiki walinunua na kile. Mtu aliyekuja kununua dawa ya kikohozi hapaswi kushawishiwa aongeze antibayotiki. Nyingine ni saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, ikimhimiza mnunuzi aharakishe kabla bei haijapanda. Dawa hainunuliwi kwa haraka.

Nyongeza ya kuharakisha kurasa ina faida, hasa kwa wanaotumia data ya simu. Hufanya kazi kwa kuhifadhi nakala ya ukurasa ili usitayarishwe upya kila mara. Lakini ikipangwa vibaya, mnunuzi huonyeshwa bei ya jana, dawa iliyokwisha kuondolewa, au hata kikapu cha mtu mwingine. Kurasa za kikapu, malipo na akaunti ya mteja zisihifadhiwe hivyo.

Zinazohitaji tahadhari kubwa zaidi ni nyongeza za kufuatilia wateja kwa ajili ya matangazo. Februari 2023, kampuni ya Marekani iitwayo GoodRx, inayowasaidia watu kupata dawa kwa bei nafuu, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 baada ya serikali kuilaumu kwa kupeleka habari za afya za wateja kwa Facebook, Google na kampuni nyingine bila idhini yao.

Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, duka linatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Hebu fikiria mtu anayenunua vifaa vya kujipima Ukimwi, kisha matangazo ya jambo hilo yakaanza kutokea kwenye simu anayoitumia pamoja na jamaa zake.

Hata nyongeza isiyo na nia mbaya huweza kuwa mlango wa wezi. Mwaka wa 2018, kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ilikuwa na nyongeza ya kuzungumza na wateja, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, kwenye ukurasa wa malipo. Wadukuzi waliiharibu nyongeza hiyo wakaiba habari za kadi za benki. Wateja wapatao milioni 9.4 barani Ulaya walikuwa katika hatari, na Novemba 2020 kampuni hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 1.25 nchini Uingereza. Funzo ni kwamba ukurasa wa malipo usiwe na chochote kisichohusiana na malipo.

Utunzaji wa kila mara

Duka la intaneti huhitaji kuchunguzwa kwa ratiba, kama mgonjwa wa shinikizo la damu anavyohitaji kupimwa hata kama anajisikia vizuri.

Kila siku, nakala ya akiba ichukuliwe. Duka lenye oda nyingi huhitaji zaidi ya moja kwa siku, kwa sababu ukirudisha nakala ya jana, oda za leo hupotea.

Kila juma, matoleo mapya ya programu yawekwe. Matoleo hayo mara nyingi huziba mianya ya usalama. Julai 2021 mwanya mkubwa ulipatikana katika WooCommerce yenyewe, na watengenezaji wakalazimika kutoa marekebisho kwa zaidi ya matoleo 90. Aliyepuuza marekebisho hayo aliacha habari za wateja wake wazi.

Lakini toleo jipya lisiwekwe moja kwa moja kwenye duka linalouza. Kwanza liwekwe kwenye nakala ya majaribio isiyoonekana na wateja. Mwenye duka ajaribu kununua dawa yenye nguvu mbalimbali, atume karatasi ya daktari, alipe na aone oda inafika ilivyo. Jaribio hilo la dakika 20 lingemkinga yule mama. Marekebisho ya usalama tu ndiyo yasiyopaswa kungojea juma liishe.

Kila mwezi, orodha ya nyongeza ipitiwe. Kwa kila moja ulizwe: inafanya kazi gani? Nani anaiangalia? Je, mtengenezaji wake bado anaitunza? Isiyo na jibu iondolewe kabisa. Kuizima hakutoshi, kwani faili zake hubaki na mwanya wake hubaki nazo. Wafanyakazi walioacha kazi nao waondolewe kwenye orodha ya wanaoweza kuingia.

Kila baada ya miezi 3, nakala ya akiba ijaribiwe kurudishwa. Wengi hugundua kwamba nakala yao ni mbovu siku wanapoihitaji.

Ni muhimu pia kuepuka nyongeza za kulipiwa zinazogawanywa bure na watu wasiojulikana. Mara nyingi huwa zimetiwa programu za wizi. Hazina tofauti na dawa bandia zinazouzwa vichochoroni.

Mnunuzi afanye nini?

Wewe mnunuzi huwezi kuona nyongeza za duka, lakini unaweza kuona dalili zake. Duka halali hutaja jina, mahali lilipo na mfamasia anayehusika, na huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Huomba karatasi ya daktari kwa dawa zinazoihitaji. Likikuuzia antibayotiki bila kuuliza neno, ondoka.

Kabla ya kulipa, soma tena jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu na idadi ya vidonge. Dawa inapofika, linganisha pakiti na karatasi ya daktari na pakiti yako ya zamani, na utazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Rangi au umbo la kidonge likibadilika, uliza. Huenda ni kampuni nyingine imetengeneza dawa ile ile, na huenda ni kosa.

Ukipokea dawa usiyoielewa, usiimeze kwanza. Mpigie simu mfamasia wa duka hilo, na asipopatikana, ichukue pakiti hiyo uende nayo kwa daktari wako.