Ini Nalo Lina Saa Yake

Saa saba usiku, mlinzi wa ghala anafungua bakuli lake la plastiki. Wali umeshikana, maharage yamepoa, lakini njaa inauma, kwa hiyo anakula mpaka punje ya mwisho. Wali huohuo angeula saa mbili asubuhi, kwa kawaida sukari katika damu yake isingepanda kiasi hicho, na ingeshuka mapema zaidi. Chakula hakikubadilika. Kilichobadilika ni mwili unaokipokea.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna kishada cha seli zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili, na hurekebishwa kila siku na mwanga. Lakini ini lina saa yake, vilevile kongosho, misuli na mafuta. Sisemi kwa mafumbo. Ndani ya seli, jeni fulani huagiza protini itengenezwe. Protini ikishajaa hurudi kuizima jeni ileile. Kisha huvunjwavunjwa, jeni ikawaka tena, na mzunguko mzima huchukua takriban saa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017 kwa kuufumbua mtambo huu katika inzi wadogo wanaozengea matunda yaliyoiva.

Saa ya ini haitegemei sana mwanga, inafuata chakula. Panya wakilishwa tu katika saa zao za kulala, saa za maini yao hugeuka kufuata mlo, huku ile ya ubongo ikibaki palepale. Mwili mmoja, saa mbili zinazopingana.

Usiku kuna jambo jingine. Giza likiingia, ubongo huachia melatonini, na homoni hiyo hufika hadi kwenye kongosho na kupunguza utoaji wa insulini. Ugali wa saa nne usiku unabisha hodi wakati duka linafungwa.

Mwaka 2009, Frank Scheer na wenzake huko Boston walichapisha matokeo ya watu 10 waliokaa maabara wakiishi siku za saa 28, hadi milo na usingizi wao vikahama kwa saa 12. Sukari yao ilipanda kwa asilimia 6, ingawa insulini nayo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 22. Mwili ulisukuma zaidi na bado ukazidiwa.

Anayetafuta kupungua uzito asitegemee saa peke yake. Huko Guangzhou, China, watu wanene 139 walipunguza kalori kwa mwaka mzima, nusu yao wakila kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri tu. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya maana ya uzito. Mimi kinachonigusa zaidi ni sukari, kwa sababu ya watu kama yule mlinzi, ambao hawawezi kuchagua zamu.

Kwao kuna habari njema. Mwaka 2021, kikundi cha Scheer kiliwaweka watu 19 katika ratiba ya kazi ya usiku. Waliokula usiku, sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4. Waliokula mchana tu, ingawa walikesha vilevile, haikupanda. Mlinzi wetu anaingia zamu saa moja jioni. Wali wake ungeweza kuliwa nyumbani, saa kumi na moja, ukiwa bado wa moto.