Milimita 67 za Kidatu

Reli ya mita geji inayotoka Kilosa kupitia Mikumi huishia Kidatu. Reli ya TAZARA inayopita hapo imeizidi upana kwa milimita 67 tu: 1,067 kwa 1,000. Pengo hilo halifiki hata upana wa kiganja, lakini behewa halivuki. Ndiyo maana mwaka 1998 kikafunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo.

Lugha ya C nayo ina milimita zake. Chukua neno `inline`, linaloiomba kompaila ipachike kitendakazi kidogo palepale kinapoitwa. Kiwango cha 1989 hakikuwa nalo, liliingia 1999. Katikati hapo kila fundi wa kompaila alijitungia lake: GCC `__inline__`, Microsoft `__inline`. Ipe kompaila ya Microsoft neno la GCC, itagoma.

Dawa ni kuhamisha mzigo mahali pamoja, kwenye faili moja la heda:

#if defined(_MSC_VER)
#define NDANI __inline
#elif defined(__GNUC__)
#define NDANI __inline__
#else
#define NDANI
#endif

Kwingineko kote unaandika `static NDANI`, basi. Wengi hukosea kwa kuuliza `_WIN32` badala ya `_MSC_VER`. Hilo ni jina la mfumo endeshi, si la kompaila, na GCC hufanya kazi kwenye Windows pia, kupitia MinGW. Kompaila ya Clang ndiyo janja kuliko zote: hujitambulisha kama GCC, na ikiingia upande wa Microsoft hujibu `_MSC_VER`.

Neno lisilojulikana angalau hupigiwa kelele. Mimi naogopa zaidi neno linalokubalika kote kwa maana mbili. `long` ina baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, na baiti 4 kwenye Windows ya biti 64. Chukua mfano wa wanaoigiza malaria kwa kompyuta. OpenMalaria, programu iliyoandikwa kwa C++, hutumia mara nyingi msimu wa maambukizi wa Namawala, kijiji cha jirani na Ifakara, na hesabu zake ziligawiwa kwa kompyuta za watu wa kujitolea kupitia malariacontrol.net, za Windows na za Linux. Programu ya namna hiyo ikihesabu kuumwa na mbu kwa `long`, ikavuka 2,147,483,647, Linux itaendelea kuhesabu. Windows inaweza kukuletea idadi hasi ya mbu, bila onyo lolote. Heri `int64_t`, iliyokuja na kiwango kilekile cha 1999: biti 64 kila mahali ilipo.