Jinsi ngozi ya binadamu inavyooteshwa maabarani

MTU akiungua sehemu ndogo ya mwili, daktari huweza kumtoa ngozi nyembamba pajani na kuibandika penye kidonda. Lakini je, afanyeje ikiwa mgonjwa ameungua karibu mwili mzima na hana mahali pa kutolewa ngozi hiyo? Ngozi ya mtu mwingine humfunika kwa muda tu, kwa kuwa mwili huikataa baada ya majuma machache.

Ni tatizo hili lililowafanya wanasayansi kutafuta namna ya kuotesha ngozi ya mgonjwa mwenyewe katika maabara, kwa kutumia seli shina.

Seli shina ni nini?

Seli nyingi mwilini zina kazi moja maalum, na zikishachakaa hufa. Seli shina ni tofauti. Zinapojigawa, baadhi ya seli zinazopatikana hubaki changa kama zilivyokuwa zile za kwanza, na nyingine hukomaa na kushika kazi. Seli shina za uboho wa mifupa hutengeneza damu. Zile za ngozi hukaa katika tabaka la chini la ngozi ya juu, na ndizo zinazoifanya ngozi hiyo kuwa mpya kila baada ya mwezi mmoja hivi. Uchafu unaobanduka unapojisugua bafuni, sehemu yake ni seli za ngozi zilizokwisha kumaliza kazi.

Hizi si zile seli za viinitete ambazo zimezusha ubishi mkubwa tangu mwaka 1998. Seli shina za ngozi kila mtu anazo, mkubwa kwa mdogo.

Kazi ya kuzilea

Ili kuziotesha, kipande kidogo cha ngozi hukatwakatwa na kutiwa dawa inayotenganisha seli moja moja. Seli hizo huwekwa katika sahani za plastiki zenye maji ya lishe: sukari, chumvi, vitamini na majimaji ya damu ya ndama. Sahani huhifadhiwa katika kabati lenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Maji ya lishe hutiwa rangi nyekundu ambayo hugeuka manjano uchafu wa seli unapozidi, na hapo mtaalamu hujua kuwa ni wakati wa kuyabadilisha. Bakteria wakiingia, kazi yote huharibika.

Hata hivyo, shida kubwa si kuzilisha seli hizi bali kuzizuia zisikomae mapema. Seli shina iliyotengwa na mazingira yake husahau uchanga wake haraka, hukomaa na kuacha kujigawa. Mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green wa Massachusetts Institute of Technology, Marekani, waligundua kuwa seli za ngozi ya binadamu hustawi zikilelewa pamoja na seli za panya zilizopigwa miale ili zisiweze kuongezeka. Seli hizo za panya ni kama yaya: hazizai, lakini huwatunza watoto wa mwenzao.

Kwa njia hiyo, kipande cha ngozi cha sentimita mraba 3 kiliweza kuongezeka zaidi ya mara 5,000 katika muda wa majuma matatu hadi manne, kiasi cha kutosha kufunika mwili wa mtu mzima.

Mwaka 1983, watoto wawili wa kiume walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili walitibiwa mjini Boston kwa ngozi iliyooteshwa kutokana na vipande vidogo vya ngozi yao iliyosalimika. Wote wawili walipona.

Miaka minne baadaye, Yann Barrandon na Green walionyesha kuwa seli za ngozi hazilingani hata kama zinafanana kwa macho. Kila seli ilipooteshwa peke yake, baadhi zilizaa makundi makubwa yaliyoendelea kukua, na nyingine zilikoma upesi. Maana yake ni kuwa ngozi iliyooteshwa bila seli shina za kutosha haitadumu mwilini.

Ukweli huo ulithibitika kwa mtoto wa miaka saba nchini Ujerumani, aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi kububujika malengelenge na kubanduka. Michele De Luca na wenzake nchini Italia walichukua kipande cha ngozi yake cha sentimita mraba 4, wakatia katika seli zake jeni lisilo na kasoro, kisha wakaziotesha. Kuanzia mwaka 2015, madaktari wa Bochum walimbandika ngozi mpya iliyofunika karibu asilimia 80 ya mwili. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kuwa ngozi hiyo ilikuwa imara, na kwamba ilitunzwa na seli shina chache zilizodumu.

Tahadhari

Matibabu haya yana upungufu. Ngozi iliyooteshwa haina vinyweleo wala tezi za jasho. Ni nyororo mno mwanzoni, hupata maambukizo kwa urahisi, na gharama yake ni kubwa.

Kwa hivyo msomaji, jihadhari na wanaouza sindano au vidonge vya "seli shina" kwa kila ugonjwa, kuanzia kisukari hadi kupooza. Upandikizaji wa uboho kwa baadhi ya maradhi ya damu umethibitishwa kwa miaka mingi, lakini kwa maradhi mengi matibabu ya seli shina yangali majaribio. Kabla ya kulipa, uliza: seli zimetoka wapi, nani amezilea, na kuna ushahidi gani kwamba zitadumu? Asiyeweza kukujibu, usimpe mwili wako wala pesa zako.