Je, Wajua? Mama anasahau bei, na si uzee

Mama muuza khanga wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anapanda kigoda kushusha doti. Akifika juu, mkono unabaki hewani: mteja alitaka ipi vile? Bei ya jumla, ambayo zamani angeitaja hata usingizini, siku hizi anaichungulia kwenye daftari.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Katika miaka ya kuelekea huko, estrojeni hupanda na kushuka ovyo kabla ya kupungua kabisa, na homoni hiyo ina kazi pia kwenye sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu. Ongeza usingizi unaokatizwa na joto la ghafla, ambalo kwa Dar es Salaam ni rahisi kulisingizia jua la Januari.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wanawake 2,362 kwa miaka 4. Katika kipindi cha mpito, uwezo wao wa kujifunza ulizorota kidogo. Hedhi ilipokoma, ukarudi. Kwa hiyo mashoga wanaonong'ona kwamba "keshazeeka huyo" wana haraka.

Ila si kila usahaulifu unatokana na kukoma hedhi. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na hata baadhi ya dawa huleta hali hiyohiyo. Na mtu anayepotea njia ya nyumbani, aliyoipita miaka yote kutoka Msimbazi, huyo apelekwe hospitali.