Unyevu Ndio Adui wa Piano

Piano ya zamani ya kusimama ikikaa ukumbini Butembo, mji ulio juu ya mita 1,700 na unaokaribiana na ikweta, huharibiwa na ukungu na mvua kabla ya vidole vya wachezaji. Ubao wake wa sauti ni mbao nyembamba ya jamii ya msonobari. Hunyonya unyevu, ukavimba, ukasukuma nyuzi, na sauti zikapanda, hasa za katikati. Mvua zikipungua Januari, unasinyaa na sauti zinashuka. Ndiyo maana piano iliyolinganishwa mbiombio kwa ajili ya Noeli imekwisha kupotoka Februari, na lawama akabebeshwa fundi.

Watengenezaji wa Ulaya walilijua jambo hili. Piano zilizokusudiwa nchi za joto zilitiwa skrubu na vipande vya shaba pale ambapo gundi peke yake ingeachia. Anayenunua piano kuukuu katika mji jirani wa Beni azitafute skrubu hizo kwanza, vanishi baadaye.

Nyuzi ni zaidi ya 200, na mvuto wake wote pamoja unapita tani 15. Piano iliyolala miaka mingi ikashuka nusu toni isipandishwe kwa pupa: ukikaza upande mmoja, mwingine unalegea, na waya wenye kutu unakatika. Pandisha kwa raundi mbili au tatu. Kutu ikiwa imezidi, mimi ningeiacha chini ya kipimo cha kawaida cha hezi 440, nyuzi zikubaliane zenyewe kwa zenyewe. Kwaya itaifuata, gitaa litashushwa.

Nyundo zikiwa nzito, usitie mafuta ya pikipiki, tafadhali! Yanaingia kwenye sufu ya nyundo na kuiharibu moja kwa moja. Kausha kwanza. Mahali penye umeme, balbu ndogo ya zamani inayotoa joto, ikifungwa chini ndani ya piano mbali na mbao na sufu, inasaidia sana; ya LED haina joto la kutosha.

Na uzi ukikatika? Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, iliwahi kutumia waya za breki za baiskeli nyuzi zilipokosekana. Ari hiyo naiheshimu mno. Kwa piano, hata hivyo, waya ya breki haifai, kwa kuwa imesokotwa kwa nyuzi nyingi, nayo piano inataka chuma kimoja kigumu. Uzi wa besi ukikatika karibu na kigingi cha kukazia, usiutupe: unga kipande cha waya halisi ya piano kwa fundo, na sehemu iliyozungushiwa shaba itaendelea kufanya kazi.