Uji wa Watoto Uanze Kwenye Mavuno

Mvua za Dodoma huanza Desemba. Januari mama yumo kwenye palizi. Mtoto mdogo anabaki na nani? Mara nyingi na dada yake, naye anakosa shule.

Hiyo ndiyo kazi ya kituo cha kulelea watoto mchana. Si jambo geni. Lilitungiwa sheria mwaka 1981, na sasa limo katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Lakini sheria haipiki uji! Katika vituo vya jamii, unga, kuni na posho ya mlezi ni juu ya wazazi, akina baba wakiwemo.

Tena wakati wa palizi ndipo ghala huwa tupu. Basi sisi wa Chang'ombe twasema: kamati ichange uwele na karanga mwezi Juni, watu wakisha vuna. Ipime kwa debe, iandike daftarini.