Mwanafunzi wa Delta na Miezi ya Korona (2): Uimara Usiofuta Hasara

Wiki iliyopita tuliishia Machi 17, 2020, siku Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kufungwa kwa shule, kuanzia awali hadi kidato cha sita. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Yaani, kwa hao wengine, wiki 15 hivi za kukaa nyumbani. Mengi yamesemwa kuhusu namna watoto walivyokomaa katika wiki hizo, na anayesifiwa zaidi ni mtoto wa kijijini, ambaye kwao hakuna televisheni ya kufuatilia vipindi vya masomo vya Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini akarudi darasani bila kutetereka. Uimara huo upo, siubishii. Ninachokataa ni kuugeuza ushahidi kwamba mtoto huyo hakupoteza kitu.

Kwanza, katika delta ya Rufiji na vijiji vya Kibiti uimara haukuletwa na korona. Tangu Operesheni Rufiji ya 1969 ilipowahamishia watu wa bondeni kwenye miinuko, kaya nyingi zimeishi kwa miguu miwili: nyumba iko kijijini karibu na shule, dungu liko shambani bondeni. Mpunga ukianza kutoa masuke lazima pawe na wa kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku, na mara nyingi anayetumwa ni mtoto. Masika ya 2020 shule zilifungwa msimu huohuo. Visiwani Salale na Maparoni, kwenda na kurudi kwa mtumbwi hutegemea maji yamekupwa au yamejaa. Isitoshe, wanafunzi wa 2020 walikuwa wamekwisha kuipitia 2017, mwaka ambao askari polisi wanane waliuawa Kibiti tarehe 13 Aprili, huku viongozi wa vijiji nao wakiendelea kuuawa na watu wakiogopa kutoka nje jua likizama. Kukatishwa masomo na kuyaanza upya walikuwa wamekuzoea kabla hata barakoa hazijajulikana.

Kuna watakaosema wiki 15 ni chache, hasa tukikumbuka Uganda, ambako madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2022. Hoja hii ina uzito, ila inapima muda wa kufungwa tu, na muda si kipimo cha kutosha. Tetemeko la Oktoba 2005 kaskazini mwa Pakistan lilifunga shule kwa wastani wa wiki 14. Miaka minne baadaye watafiti Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwapima watoto wa eneo hilo, wakakuta waliokaa karibu na ufa wa tetemeko wako nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo. Familia zenyewe zilikuwa zimekwisha kujijenga upya kwa mali na makazi, lakini watoto wao walikuwa bado nyuma. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba mwalimu alifuata mtaala pale ulipotakiwa kuwa wakati huo, na aliyekosa msingi akazidi kuachwa kila muhula. Jambo jingine la kutufikirisha ni kwamba watoto ambao mama zao walimaliza elimu ya msingi hawakuachwa hivyo.

Wapo pia wanaoona kwamba kusisitiza hasara ni kumvunja mtoto moyo, na kwamba shamba na bahari navyo ni shule. Ni kweli, aliyeongoza mtumbwi katikati ya mikoko amejifunza kukadiria, kusubiri na kuamua peke yake. Lakini hakuna mtihani wa darasa la saba unaomuuliza hayo. Unamuuliza sehemu na desimali. Na kwa msichana aliyepata ujauzito katika miezi hiyo, ujasiri wake ulimfaa nini? Katazo la kumrudisha shule ya serikali, alilolisisitiza Rais Magufuli akiwa Chalinze Juni 2017, halikuondolewa hadi Novemba 2021.

Kwa hiyo swali la kuwauliza walimu wakuu na maofisa elimu wa Kibiti ni hili: wiki ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, nani alimpima mwanafunzi kujua aliishia wapi, na nani aliruhusiwa kurudi nyuma kumfundisha? Swali hilo lilirejea Aprili 2024, mafuriko yalipovamia Rufiji na Kibiti. Wiki ijayo tutatazama wanafunzi wa mafuriko hayo.